Maikrowevu ya Shangazi na Panya wa Chicago

Shangazi yangu ana maikrowevu ambayo haijawahi kuonja umeme. Mwanawe aliyeko Dubai alimletea miaka minne iliyopita. Ikapandishwa juu ya friji, ikafunikwa kipande cha leso, na tangu siku hiyo ni kabati la mahamri. Anakaa Mji wa Kale, kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, na panya wa mtaa ule hawana haya. Wanakula sabuni, wanakula nyaya za simu, wamekula hata ukili wa mkeka. Mlango wa maikrowevu ndio pekee jikoni mle ambao hawajaujulia.

Kaskazi iliyopita, siku ambayo hata baraza lilikuwa linafuka joto, aliniita. Kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi ya arusi ilikuwa imezunguka sauti ya mwanamume mmoja mwenye kifua kizito, anayesema kwamba wazungu waliwapiga panya mawimbi ya maikrowevu wakaota kansa ya moyo, na serikali zinaficha. Shangazi hakuwa na haja na serikali.

"Niambie, mwanangu. Hao panya walitiwa ndani ya kitu kama hiki changu? Na haya mahamri je?"

Nikacheka, nikamwambia mahamri hayana neno, chombo chenyewe hakijawahi kuwashwa. Hakuchekeshwa. "Nimekuuliza habari ya panya," akasema. "Wewe si ulikuwa ukilea panya?"

Ni kweli nililea. Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa mhudumu wa nyumba ya wanyama katika maabara moja hapa hapa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maranda kwenye matundu, kujaza chupa za maji, kupima uzito kila Jumatatu na kuandika daftari. Panya wetu walikuwa wa majaribio ya dawa za miti, hakuna aliyewahi kuwapiga mawimbi ya aina yoyote. Lakini nilimjua panya, na baadaye nilipoanza kusoma majaribio ya maikrowevu niligundua kwamba nusu ya ugomvi wote huu umelala kwenye mwili wa huyo mnyama: urefu wake, mkia wake, figo zake.

Nianze na siku ambayo kiyoyozi kilikufa. Ilikuwa mwezi wa tatu. Umeme ulipotea usiku, jenereta ikakataa kuwaka, na mlinzi hakumpigia mtu simu. Nilipofungua mlango saa moja asubuhi kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 33, katika chumba kinachotakiwa kuwa 22. Panya walikuwa wamelala kifudifudi, miguu wameitanua, mikia imenyooka na kuiva wekundu. Manyoya ya shingoni na kifuani yalikuwa chepechepe. Nilidhani chupa zimevuja. Kumbe ni mate yao. Panya hatoki jasho kama mimi na wewe, wala hahemi ulimi nje kama mbwa. Likimzidi joto hupeleka damu mkiani, kwenye ngozi isiyo na manyoya, ili ipoe huko. Ukishindwa mkia, hujilamba mwili mzima ili mate yakikauka yaondoke na joto. Hila nzuri sana, lakini siyo ya Mombasa. Hewa yetu mwezi wa tatu imeshiba unyevu, na mate hayakauki. Wanne walikufa kabla ya adhuhuri, na mkuu wa mradi akazifuta takwimu za wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kusema ni dawa iliyowabadilisha hao waliobaki au ni kile chumba.

Sasa, mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu kama eksirei ifanyavyo. Yanapungukiwa karibu mara milioni. Yanachofanya kwa uhakika ni kutikisa molekuli za maji mpaka zipate moto. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, ambaye mwaka 1945 alisimama karibu na mtambo wa rada akakuta peremende imeyeyuka mfukoni mwake. Jiko la leo linatumia mawimbi ya megahezi 2450, ambayo urefu wake ni kama sentimita 12. Simu zetu zinatumia ndugu zake wa 900, 1800, 2100 na kuendelea.

Hapo ndipo urefu wa mnyama unapoingia. Mwili huvuna mawimbi vizuri zaidi pale urefu wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi, kama uzi wa udi unavyoitikia sauti iliyo saizi yake na kuzipuuza nyingine. Kipanya mweupe wa maabara, jamaa mdogo wa panya, ana urefu wa sentimita sita hivi, kwa hiyo mawimbi ya jiko ni kama yalitengenezwa kwa ajili yake. Mtu mzima huvuna zaidi kwenye mawimbi marefu ya megahezi 70 hivi, karibu na masafa ya redio ya FM. Isitoshe, wimbi la jiko huingia mwilini sentimita chache tu. Kwa kipanya hizo ni pande zote mbili na utumbo katikati. Kwangu mimi ni ngozi na nyama ya juu. Kwa hiyo ukisikia "panya walipigwa mawimbi," usiulize mtambo ulikuwa na nguvu gani. Uliza kila kilo ya mwili wa panya ilinyonya wati ngapi. Hicho ndicho kipimo cha wenye kazi yao, wati kwa kilo, na yule bwana wa sauti nzito hakukitaja hata mara moja.

Majaribio ya zamani yalikuwa ya joto tupu, na mengine hayapendezi kusimulia. Sungura ndio walioteseka zaidi. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kubeba joto kwenda kwingine, hivyo watafiti walipoelekeza mawimbi ya megahezi 2450 kwenye jicho la sungura kwa nguvu inayozidi miliwati 100 kwa sentimita mraba, na kwa muda wa kutosha, joto ndani ya jicho lilipita nyuzi 41 na lenzi ikafunga ukungu. Mtoto wa jicho, ule ule unaowapata wazee wetu. Walipojaribu kwa nyani, ngozi ya uso iliungua kabla lenzi haijadhurika. Mnyama mwingine, fuvu lingine, jibu lingine. Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani tangu mwaka 1971 inataka jiko la maikrowevu lisivujishe zaidi ya miliwati 5 kwa sentimita mraba, ukipima sentimita 5 tu kutoka kwenye jiko. Ule wavu wa matundu madogo mlangoni ndio unaoyazuia, maana wimbi la sentimita 12 halipenyi tundu la milimita moja.

Jaribio ambalo mimi nalipenda, kama mtu anaweza kupenda jambo la namna hii, ni la chakula. Panya au tumbili anafundishwa kubonyeza kitufe ili apate punje. Ana njaa, anajua kazi yake, anabonyeza bila kukoma. Halafu mawimbi yanawashwa. John de Lorge alifanya hivyo kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani kule Pensacola, katika miaka ya 1970 na ya 1980, kwa panya na kwa tumbili wa aina mbili. Wote waliacha kazi katika hali inayofanana: joto la ndani ya mwili likipanda kwa takriban nyuzi moja. Mnyama mwenye njaa anaacha chakula. Ukipiga hesabu ya majaribio ya aina hiyo unapata karibu wati 4 kwa kilo, na namba hiyo ndiyo iliyozaa vikomo vinavyotumika katika nchi nyingi: igawe kwa 10 upate 0.4 ya wafanyakazi, igawe kwa 50 upate 0.08 ya raia wa kawaida. Kwa hiyo kikomo kinachomlinda shangazi na mnara wa simu ulio juu ya ghorofa la jirani kilianzia kwa panya aliyesusa punje.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka ile asubuhi ya mate. Mawimbi yalikuwa yanamletea mnyama kaskazi kutoka ndani. Na kama ni hivyo, basi kaskazi ya nje nayo ni sehemu ya dozi. Maabara zile zina viyoyozi. Panya anapokea wati 4 akiwa kwenye nyuzi 22 na hewa kavu, ambako mkia na mate vinafanya kazi. Mpeleke Kongowea mwezi wa tatu uone. Sikuwa wa kwanza kuliwaza hili: mhandisi W. W. Mumford wa Marekani alipendekeza mwaka 1969 kwamba kikomo cha mionzi kishushwe pale joto na unyevu wa hewa vinapopanda. Sehemu ya pengo lile la mara 50 imewekwa makusudi kwa mambo kama haya, na kwa raia aliye barazani linatosha, tena linabaki. Anayenitia wasiwasi ni fundi anayepanda juu ya paa saa saba mchana, mkanda kiunoni, kurekebisha antena ambayo pengine haijazimwa. Huyo ana jua mgongoni, ana kazi ngumu, na yuko mita moja kutoka kwenye chanzo. Sijamsikia mtu akitoa sauti ya WhatsApp kwa ajili yake.

Kuna athari nyingine ya kweli ambayo ni ndogo mno na ya ajabu mno. Mwaka 1962 Allan Frey, Mmarekani, alichapisha kwamba watu walio karibu na rada wanaweza kuyasikia mawimbi: mlio, mbofyo, mgurumo mdogo, kana kwamba unatoka nyuma ya kichwa. Wengi hawakumwamini. Baadaye ilipimwa kwenye masikio ya paka, na panya waliopewa nafasi ya kuchagua walikaa upande wa tundu uliokingwa na mapigo hayo. Kinachotokea ni kwamba pigo moja fupi la rada hupasha ubongo joto kwa kama sehemu ya milioni ya nyuzi moja. Ubongo unatanuka kidogo mno, ghafla, na mshtuko wake unafika sikio la ndani kama sauti. Nimewahi kukaa Mama Ngina nikizitazama rada za meli zikizunguka mlangoni mwa Kilindini na kutega sikio kama mjinga. Kwa umbali ule hakuna kitu, ila mawimbi ya bahari na muuza mihogo.

Sasa kansa, ambako shangazi alikuwa ananisubiri.

Huko hakuna utulivu. Seattle, Marekani, katika miaka ya 1980, timu ya Arthur Guy na C. K. Chou iliweka panya 100 kwenye mawimbi ya megahezi 2450 kwa karibu siku nzima, miezi 25, kwa dozi isiyozidi wati 0.4 kwa kilo, na wengine 100 kwenye matundu yale yale bila mawimbi. Walipima mambo 155. Karibu yote yalifanana. Moja kubwa halikufanana: uvimbe wa kansa ulikuwa 18 kwa waliopigwa na 5 kwa wasiopigwa, ingawa hakuna aina moja ya kansa iliyojitokeza peke yake. Ukipima mambo 155, machache yatajitenga kwa bahati tu. Ukiyapuuza kwa sababu hiyo, utayapuuza daima. Mwaka 1997 Michael Repacholi na wenzake Australia wakatumia vipanya waliobadilishwa jeni ili wapate kansa ya limfu kwa wepesi, na waliopigwa mawimbi ya simu wakaugua zaidi ya mara mbili. Mwaka 2002 timu nyingine, Australia hiyo hiyo, ikarudia. Haikuona kitu. Henry Lai na N. P. Singh waliripoti mwaka 1995 kuvunjika kwa DNA kwenye ubongo wa panya. Timu ya St. Louis ikajaribu, haikupata. Mambo yakaenda hivyo, mmoja anafuma na mwingine anafumua.

Ndipo serikali ya Marekani, kupitia mpango wake wa taifa wa kuchunguza sumu, ikaamua kumaliza ubishi kwa fedha. Dola milioni 30, zaidi ya miaka 10. Vyumba 21 vya chuma vilivyobuniwa Uswisi vikajengwa Chicago, ndani yake panya wanatembea watakavyo huku mawimbi yakiwadunda kutoka kila ukuta, dakika 10 yanawaka, dakika 10 yanazima, jumla saa 9 kwa siku, kuanzia tumboni mwa mama zao hadi miaka miwili. Wati 1.5, 3 na 6 kwa kilo, mwili mzima. Hawakupanda zaidi ya hapo kwa sababu kwenye majaribio ya awali dozi kubwa ziliwazidi panya joto. Ile ya chini kabisa ililingana na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kufikia kipande kidogo cha mwili wa mtu anayetumia simu.

Ripoti ya mwisho ilitoka Novemba 2018. Kwa panya madume, uvimbe uitwao shwanoma, unaoota kwenye seli zinazozingira neva, ulionekana moyoni: kati ya 90 wasiopigwa, hakuna hata mmoja, kati ya 90 waliopata dozi ya juu ya aina moja ya mawimbi ya simu, 5, ya aina nyingine, 6. Wakaandika "ushahidi wa wazi." Uvimbe wa ubongo na wa tezi juu ya figo wakaupa "ushahidi kiasi." Majike, na vipanya wa jinsia zote ambao nao walijaribiwa, matokeo yao hayakueleweka. Karibu wakati huo huo Taasisi ya Ramazzini, Bologna, Italia, ikatoa matokeo ya panya 2448 waliopigwa mawimbi dhaifu zaidi, kama ya mnara, saa 19 kwa siku mpaka wafe wenyewe. Ongezeko likatokea tena kwenye dozi ya juu. Moyo ule ule, uvimbe ule ule, madume.

Hicho ndicho kiini cha ile sauti ya WhatsApp, na hakifichwi. Mtu yeyote anaweza kuisoma ripoti. Kilichoachwa ni kwamba madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu zaidi. Kati ya wasiopigwa, ni 28 tu kwa kila 100 waliofika mwisho wa miaka miwili. Kwenye dozi ya juu ya kundi moja walifika theluthi mbili. Wasiopigwa walikufa zaidi kwa figo, ugonjwa wa uzee unaowasumbua sana panya madume wa maabara. Hapo nilikwama kwa siku kadhaa. Uvimbe ni jambo la uzeeni. Mnyama anayekufa mapema hapati nafasi ya kuuota, na hapo hapo unajiuliza kama ile sifuri ya moyoni ni ya haki au ni ya panya waliokwisha kuondoka. Upande wa pili, shwanoma ya moyo ni nadra sana kwa panya wa aina ile, na ikitokea katika maabara mbili zilizotenganishwa na bahari, sipendi kuitupa.

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshayaweka mawimbi haya mwaka 2011 kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda." Mwaka 2024 mapitio ya tafiti za watu, yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Mwaka 2025 mapitio ya tafiti za wanyama, yaliyoagizwa na shirika hilo hilo, yakaupa uzito mkubwa ule ushahidi wa madume. Mimi nauamini moyo wa panya dume, ila sijaona bado njia ya kutoka kwake hadi kwa shangazi, aliye na kilo 70, asiyeishi ndani ya chumba cha chuma na ambaye figo zake, namshukuru Mungu, ni nzima.

Nilimweleza haya yote barazani, kwa maneno mepesi kuliko haya, huku akinipepea kwa kipepeo cha ukindu. Nilimwambia pia jambo ambalo halikumpendeza: kama ana hofu na mawimbi, asihangaike na mnara wa jirani wala na kabati lake la mahamri. Kuta za nyumba yake ni za mawe ya matumbawe, nene kama mkono, na simu ikiwa ndani ya kuta zile inapokea mtandao kwa shida, hivyo inapaza sauti yake, yaani inatoa mawimbi yenye nguvu zaidi, ili isikike mnarani. Na yeye huongea na Dubai saa nzima, amelala chumba cha ndani kabisa, simu imebanwa baina ya shavu na mto. Aende barazani, au atumie spika.

"Nikitumia spika mtaa mzima utasikia habari za mkaza mwanangu," akasema, na mazungumzo ya kujikinga yakaishia hapo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hao waliokuwa hawapigwi. Waliobakia hai mwisho wa miaka miwili. Walifanywa nini?"

Nilikuwa natumaini hataliuliza. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, kila mradi ulipoisha, kwa panya wa makundi yote.

"Walipasuliwa pia, shangazi. Lazima ulinganishe nyoyo."

"Na hawakuwa na kitu."

"Hawakuwa na kitu."

Huyu ni mwanamke ambaye kila usiku anatega mitego miwili jikoni na asubuhi huwamwaga jaani bila kutazama. Alivuta leso kichwani, akaingia ndani. Nikasikia mlango wa maikrowevu ukifunguka kwa ule mlio wake, tak, kisha akarudi na mahamri matatu kwenye sahani na kikombe cha mbaazi za nazi.

"Kula," akasema. "Ni ya leo."